Sisi Tulioacha Umande

Jumapili, 2 Machi 2025
Mkutano wa kwanza, kwa hoteli ya Amuge hapa Malaba. Sisi tuliotoka dhehebu la Watu wa Umande – watatu tu. Omagor, ajenti wa forodha, akasema yote yalikuwa uongo: kulala chini, kukataa sukari, kuoga umande alfajiri. Amuge akasema ni uongo, sawa, lakini amani kama ile hajapata tena. Wakabishana mpaka madereva wa malori waliokuwa wakila wakahama meza. Halafu nikaona viatu vya Omagor mlangoni. Vyetu pia, kama tulivyozoea kule kwa Umande. Hakuna aliyetuambia tuvue.
Mimi nilikuwa namwaza mume wangu. Mukhwana bado yuko nao huko Funyula. Mwanaume mzima, anaoga umande wa nyasi.

Jumapili, 9 Machi
Leo chai ya sukari. Tukaangaliana kama wezi. Omagor akanywa wa kwanza, kuonyesha hana imani. Kisha akaomba msamaha – sijui alikuwa anamwomba nani.
Hapo akaingia mwanaume na suruali ya jinzi. Baba Umande mwenyewe. Nabii! Tukasimama wote. Omagor ndiye aliyempa kiti.
"Niiteni Ogutu tu," akasema. "Mimi pia nimeacha."
Eti ile sauti ya mbinguni aliyokuwa akiisikia haijamsemesha tangu Krismasi. Amuge akalia. Omagor akakasirika: nani alimruhusu kuacha?
Nikamuuliza, wa Funyula umewaambia?
"Nimewaambia, Mama Sharlyne. Mara mbili. Wanasema najaribu imani yao. Mukhwana akaanzisha wimbo."

Jumatano, 12 Machi
Nimembana Ogutu: Jumamosi twende Funyula pamoja, aseme nikiwepo. Anaogopa. Amekubali.
Sharlyne anauliza kama baba akirudi atakubali kulala kitandani. Sijui. Nimefua shuka.

Jumamosi, 15 Machi
Naandika kwa simu, hapa Funyula, nyuma ya jiko lao. Ogutu amesema wazi: hakuna sauti, nendeni nyumbani. Wakapiga magoti. Akafungua soda, akainywa yote mbele yao. Wakalia kwa furaha – nabii amebeba dhambi zao.
Mukhwana amekonda. Nikamwambia twende, mtoto anakungoja. Akanijibu polepole, kwa upole ambao nyumbani hakuwa nao: "Si unaona vile anatupenda? Amejishusha akawa mtu wa kawaida."
Sasa wamemtandikia Ogutu mkeka. Wanamwosha miguu. Nimemwonyesha kwa mkono kwamba boda inangoja. Ameniona. Amefunga macho, kama mtu anayesikiliza kitu.