Kona Niliyoipaka Simiti

Magongo, Changamwe
Jumapili

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Na lile goti? Mimi mwili mzima, moyo ndio haujatulia. Dada Rukia, wewe unayemsomea, usiruke neno hata likikuchoma.

Baba, ile hoteli ya kona uliyoifanyia kazi ujanani ingali imesimama. Mlango uko palepale pembeni, unatazama barabara zote mbili, na juu yake ile roshani ya mbao ya vyumba walivyolala watu wa reli. Siku hizi chini wanauza mahamri na mbaazi. Maua ya chokaa uliyoyachonga juu ya mlango niliyakuta mazima. Nikayatazama mpaka shingo ikauma. Wallahi nilijivuna.

Mwenyewe, Bi Zuhura, alinipa kazi ya kuziba nyufa. Sikumwambia mimi mwana wa nani, nilitaka anisifu kwanza. Ulinifunza kwamba ukuta wa mawe na chokaa hautaki simiti, hutaka chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa ikalainika. Mimi nikaona uvivu kungoja. Nikapaka simiti, siku mbili nimemaliza, wapita njia wakasema, "Huyo ndiye fundi!"

Masika yakaingia. Maji yakafungika ukutani, simiti ikabanduka, na maua yako yakaanguka nayo. Yalivunjikia mlangoni, mbele ya wateja.

"Kulikoni, mwanangu?" akaniuliza Bi Zuhura.

Baba, nisamehe. Nilimjibu, "Kazi ya zamani ilikuwa mbovu, bibi. Aliyeifanya hakuwa fundi."

"Nilikuwa msichana, nikimpelekea chai," akasema. "Kila asubuhi akiikoroga chokaa yake, akiniambia, bado. Hakuwa na haraka mtu yule."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nimeona haya, baba, haya ya kushindwa hata kula hapo hotelini.

Vile vipande nimeviokota vyote. Simiti naikwangua, na chokaa nimeiloweka pipani. Jana nikiikoroga, Bi Zuhura alisimama akaitazama mikono yangu kitambo. "Nani aliyekufunza?" Niliinama nikaendelea kukoroga.

Nisalimie mama, shemeji yangu mwalimu wa madrasa, na bibi jirani anayekuletea uji.

Bi Zuhura ataniuliza tena, namjua. Nipe idhini, baba. Naweza bado kulitaja jina lako?

Ni mimi mwanao, ikiwa ungali waniita hivyo,
Athmani