Nimeweka Linux mpya ili nione maziko ya mama

Jumapili, Lipangalala, Ifakara. Mvua imenyesha tangu asubuhi na maji ya uani yamefika kwenye kizingiti. Kinu cha mpunga kimefungwa, hakuna magunia ya kubeba. Mgongo umefurahi. Mimi sijafurahi.

Leo nimebadilisha mfumo wa kompyuta. Naandika hapa kwa sababu sina mtu wa kumweleza kwa nini.

Mama alizikwa kwetu Maswa mimi nikiwa huku Ifakara. Nilipopigiwa simu kaburi lilikuwa tayari linachimbwa, na kwa basi ningefika wameshamaliza. Kaka yangu Maduhu akaagiza maziko yarekodiwe kwa simu. Video ikawekwa kwenye flashi, na flashi ikaja kwa mabasi, kondakta huyu akimkabidhi yule, imefungwa kwenye kitambaa kama dawa. Simu iliyorekodi imeshaibiwa mnadani.

Simu yangu ni ya batani. Kilichobaki ni laptopu kuukuu aliyoniachia mwanafunzi mmoja niliyemsaidia kuhamisha vitu alipomaliza utafiti wake wa mbu. Ina Linux kwa sababu mfumo mwingine ilishindwa kuubeba. Nilihamishia video ndani, nikaifungua. Ikaandika kwa Kiingereza kwamba faili la namna hiyo hailijui.

Jana nikaenda kwa Deo, mwenye stesheneri karibu na soko.

"Kaka, hii Linux imezeeka," akasema. "Video za simu za siku hizi haizijui. Lete flashi nikuwekee mpya."

Nikampa flashi. Ninayo moja tu, na sikumwambia ilikuwa na nini. Aliponirudishia ikiwa na mfumo mpya ndipo nikaelewa kwamba amefuta kila kitu ili huo mfumo ukae. Maziko ya mama yakawa yamebaki mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta ileile ninayotaka kuibomoa.

Deo alinionya. "Itakuuliza kama ufute diski nzima. Kataa. Futa chumba cha mfumo, chumba cha mafaili yako usikiguse. Hapo ndipo watu wanapolia."

Betri ya laptopu ilishakufa, inategemea waya. Na katika nyumba hii jiko la umeme likiwashwa, umeme hukatika vyumba vyote. Nikamwomba Mama Sesi wa chumba cha pili asiwashe mpaka nimalize.

"Baba Minza," akasema, "yaani maharage yangu yasubiri kompyuta yako iive kwanza?"

Lakini hakuwasha. Mungu ambariki.

Niliishia darasa la sita, Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Swali la kufuta lilipokuja nililisoma mpaka macho yakauma. Nikachagua kama Deo alivyonielekeza, nikabonyeza huku nimeshika ukingo wa meza.

Kisha ikauliza nataka sura gani ya kazi. Majina yakapangwa, kila moja na mwonekano wake. Pale nilikaa muda mrefu, kama mtu anayechagua shati la harusi. Nakiri kwamba nilifurahia kukawia. Nikachagua GNOME, kwa sababu Deo aliwahi kunionyesha picha yake na ni nzuri.

Ilipomaliza, faili lilikuwepo. Nikalifungua.

Jeneza likatokeza mlangoni mwa nyumba yetu, na picha ikagoma. Sura ile ya fahari ilikuwa nzito kuliko nguvu za mashine hii. Sauti ikaendelea bila picha. Nikasikia wimbo, nikasikia mchungaji. Halafu wakaanza kuita watoto wa marehemu, mmoja mmoja, waje kutia udongo. Mama kwenye kioo bado yuko mlangoni, amebebwa, haendi popote.

Wakaita jina langu, "Masanja."

Kisha sauti ya Maduhu: "Huyo hayupo. Endeleeni."

Nikafunga kompyuta. Niliuambia ukuta maneno ambayo mtu hamwambii kaka yake mkubwa. Niliapa sitampigia tena.

Baadaye nikaanza upya. Huenda ipo njia fupi ya kubadilisha sura bila kurudia yote, mimi siijui. Nikarudia yote, na hofu ileile ya kufuta. Safari hii nikachagua XFCE. Haina urembo, imekaa kama ofisi ya kijiji. Lakini picha ilitembea.

Nikamwona mama akitoka mlangoni, akipita, akishushwa. Wakaita, "Masanja," na katikati ya wanawake akatoka msichana mrefu, amejifunga kitenge cha mama. Nikadhani ni mke wa mmoja wa majirani. Akainama akachota udongo kwa mikono miwili. Maduhu akasema yale maneno bila kumtazama. Yule msichana akautia udongo hivyohivyo, akainua uso.

Ni Minza. Ni mwanangu.

Sikumjua.

Nilimwacha kwa mama, bibi yake, akiwa hafikii komeo la mlango. Mama ndiye aliyekuwa analala naye chumba kimoja. Video inaisha watu wakitawanyika, na Minza amebaki kando ya kaburi. Hakuna aliyemshika mkono.

Nimeirudia mara nyingi. Si kwa ajili ya mama tena.

Tangu msiba nimemuuliza Maduhu habari za ng'ombe, za mvua, za kaburi. Akaniambia watoto wote wazima, nikaridhika.

Kompyuta sasa inafanya kazi vizuri kabisa. Asubuhi kinu kitafunguliwa. Kabla sijabeba gunia la kwanza nitampigia Maduhu, na yale maneno yake sitayagusa. Nitamuuliza Minza analala kwa nani.