Madigadi ya Kushoto

Mama,

Gari limetembea. Nakuambia hilo kabla ya mengine kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza. Jumamosi iliyopita nililitoa kwenye lango letu la Amalemba, likapanda lenyewe hadi kwenye lami, na wale majirani waliokuwa wakiliita banda la kuku wakasimama kutazama.

Lakini acha nikueleze yaliyotokea tangu uende.

Tulikulaza Shinyalu kando ya Baba. Baada ya kunyolewa nywele za matanga tukakaa kikao cha familia, na baba mdogo Shikuku ndiye aliyekiongoza. Alianza na shamba, akaja kwa cherehani yako, akamaliza na mimi. Alisema msichana wa umri wangu, asiye na mume, hana haja ya kugonga mabati nyuma ya nyumba kila wikendi. Kama kazi ya maabara pale shuleni hainitoshi, nilime. Halafu akasema lile ambalo bado linanichoma.

"Hiyo kelele unapiganga ndiyo ilimaliza mama yako. Moyo yake haingeweza."

Mashangazi waliangalia chini. Nikasimama.

"Baba mdogo, nyundo haikumuua Mama," nikamwambia. "Mama alikuwa anaishika."

Hawakujua. Walidhani ulikuwa ukiketi ndani umeziba masikio. Kwa hiyo niliwaeleza, Mama. Niliwaeleza vile nilivyonunua lile gari bovu, madigadi ya kushoto, lile bati la juu ya gurudumu, imeliwa na kutu yote, na kila fundi akaniambia ya kununua haipatikani popote. Vile nilivyoanza kujifunza kwa video za simu, nikipiga bati juu ya gogo hadi linajikunja kama jani la mgomba. Na vile ulivyotoka siku moja na pini mdomoni, sare ya kwaya begani, ukasimama ukaniangalia, ukasema, "Usiipige kama imekukosea, Muhonja. Hii ni bega ya gauni tu."

Ukaleta karatasi za kaki ulizokuwa ukikatia nguo. Ukazilaza juu ya madigadi nzima ya kulia, ukabana palipozidi, ukachana palipopungua, ukachora kwa chaki yako. Ukanionyesha mahali bati linatakiwa kutanuka na mahali linatakiwa kukusanywa, kama unavyokusanya kitambaa kwenye mkono wa gauni. Mimi miezi mingi nilikuwa nikilitanua tu. Ulicheka hadi ukakaa chini. Tangu siku hiyo tulipiga pamoja, wewe ukitumia ile nyundo ya mbao kwa sababu ilikuwa nyepesi, na ukichoka ulikaa kwenye kiti ukiniamuru ukiwa hapo hapo.

Moyo wako ulichoka kitambo, kabla sijanunua nyundo yoyote. Daktari alituambia sisi wawili, na baba mdogo alijua. Aliamua tu kusahau.

Sikushinda kikaoni. Juma lililofuata alituma watu wa vyuma chakavu na mkokoteni. Nilikuwa nikifua nilipowaona wanaanza kufungua magurudumu. Mama, sikupiga kelele. Niliingia ndani ya gari, nikakaa kwenye kiti cha dereva na povu mikononi, nikawaambia gari ni langu, nimelinunua mimi, na wakilibeba watanibeba nalo. Walimpigia baba mdogo simu. Sijui aliwaambia nini. Nilikaa humo hadi jua likawa kali na wao wakachoka kunitazama, wakaondoka.

Ndipo nilipolia. Nililia kwenye usukani, kwa sababu nilikuwa nimegeuka kukuita uje uone.

Madigadi ya kwanza niliyoitengeneza peke yangu niliipasua. Iliyofuata ilitoka sawa, nikaichomelea haraka haraka, moto ukaivuta ikajikunja, nikaitupa kwenye ua. Kuna majuma sikutaka hata kulitazama bati. Halafu nasikia tena ile sentensi ya baba mdogo kichwani, naamka, nafungua mlango wa nyuma mpaka mwisho ili kila mtu asikie, napiga. Kama ni kelele, basi iwe kelele. Mwishowe ilikaa. Iliingia kwenye tundu za bolti bila kulazimishwa, na nikabaki nimeishika tu kama mtu aliyebebeshwa mtoto.

Kwa hiyo Jumamosi nilienda nalo Shinyalu. Sikwenda kuomba radhi wala kuombwa. Baba mdogo alikuwa uani akianika mahindi. Alilizunguka gari polepole, akachuchumaa kushoto, akachuchumaa kulia, akarudi kushoto. Mwisho akaniuliza, bila kuniangalia, "Ile mulitengeneza ni gani?"

Alisema *mulitengeneza*, Mama. Mimi na wewe.

Sikumwambia. Nilimwambia aendelee kutafuta, nikaja kwako na kukaa kidogo kwenye nyasi. Niliporudi bado alikuwa amechuchumaa.

Sasa nimeanza mashua. Ndogo, ya bati, ya watu wawili. Watu wanauliza nitaielekeza wapi hapa kwenye mahindi na miwa. Nawaambia ziwa liko Kisumu na gari ninalo. Shangazi mmoja ameshaniambia mashua si kazi ya mwanamke. Nimemkaribisha aje aniambie tena siku ya kuishusha majini.

Pumzika, Mama. Nakuahidi sitaufunga ule mlango wa nyuma kwa ajili ya mtu yeyote. Mashua ikivuja nitaitoa, niipige upya, niirudishe majini, na nikizama nitaogelea.

Wako,
Muhonja