Hasira Inayopitia kwa Spika

Sofu, Jumapili

Staha, kwa maana ninayoitumia hapa, ni kumnyima mtu kura yako bila kumnyima heshima yake.

Leo mimi na binti yangu Neema tumesikiliza mijadala ya Bunge la Uingereza, ya zamani na ya sasa. Wale wa zamani walichomana kwa sentensi ndefu, zenye adabu hadi nukta ya mwisho. Wa leo hukatizana, huzomeana, hutafuta kipande cha kurusha mitandaoni.

"Baba, hawa wanabwatuka tu," alisema Neema. "Afadhali hata wazee wako wa Kurui!"

Nilicheka, ingawa kikao cha kesho huko Kurui, baina ya wakulima na wafugaji, kinanitia hofu. Mimi ndiye mwenyekiti, na mara ya mwisho fimbo ziliinuliwa.

Hata hivyo nawastahi Waingereza. Sauti zimepanda, lakini kanuni moja imesimama: mbunge hamwambii mpinzani wake "wewe". Hasira yote hupitia kwa Spika, na njiani hupungua makali. Ni ustadi mkubwa.

Kesho nitaomba kila neno lipitie kwangu. Je, mkulima ambaye mahindi yake yameliwa atakubali kuniambia mimi, ilhali mwenye ng'ombe ameketi mbele yake?