Sindano ya Mke Aliye Mbali Nilipie ya Nini?

Mpendwa Mama Nyakio, naomba msaada kabla ya Ijumaa ijayo, kwa sababu siku hiyo nasafiri kwetu Kitui kwa Krismasi na mke wangu amesema nikifika nitalala jikoni.

Mimi ni kibarua wa mjengo Lavington, nalala Riruta katika chumba cha mabati, na nyumbani naenda Pasaka na Krismasi tu. Tuna watoto watatu, na huyo wa mwisho alipozaliwa mke wangu Kavutha alitokwa na damu hadi akaongezewa chupa tatu, daktari akatuambia wazi kwamba akishika mimba nyingine upesi huenda tukamzika, kwa hivyo akaanza kudungwa sindano ya kupanga uzazi kila miezi mitatu kwenye zahanati, bure, mimi sikuwahi kutoa hata shilingi. Mwaka jana muuguzi akamwambia wafadhili waliokuwa wakinunua dawa wameondoka na ya serikali haifiki, anunue mwenyewe kwa duka la dawa sokoni, kisha ailete adungwe. Dawa na pikipiki ni mia saba. Nilituma mara moja. Januari aliponipigia tena nilikuwa kazini, na Lenox, tunayebeba naye mawe, akacheka akasema, "Kitavi, wewe uko hapa na karai kichwani, huyo mama anajikinga na nani?" Maneno hayo yaliniingia. Nikamuuliza Kavutha, "Sindano ni ya nini na mimi niko Nairobi?" Akasema, "Basi kaa huko Nairobi," akakata simu.

Nikaona nitumie akili, niwe natuma hiyo pesa siku ya kusafiri tu, adungwe asubuhi nami nifike jioni, kwani kwa nini nilipie miezi ambayo sipo. Pasaka nilifanya hivyo, lakini alilala na watoto siku zote nne akisema sindano haishiki siku hiyo hiyo, mimi nikaona ni kisingizio. Sasa nimtumie, au nalipia starehe ya mwanamume mwingine?

Kitavi, Riruta

Kitavi, pole kwa kazi nzito. Pole zangu zinaishia hapo.

Sindano haikuwa bure. Kuna waliokuwa wakiilipia, ila wewe hukuwaona. Sasa wameondoa mkono na pengo halijazibwa. Ukiwa nyumbani, mwulize mwakilishi wa wadi yenu kaunti imetenga nini kwa dawa hizo, na uulize mbele ya watu. Lakini mimba haingojei bajeti.

Hapo Lavington kila lango lina askari, naye hulipwa hata usiku ambao mwizi hakuja. Umewahi kumsikia tajiri akimwambia, "Nitakulipa mwizi akikaribia"? Na katika jambo hili, Kitavi, mwizi ambaye lango linalindwa asiingie ni wewe.

Unamshuku mkeo. Mwenye mwanamume mwingine angekukaribisha Pasaka hiyo mbio mbio, ili mimba ikiingia iwe na baba. Yeye alilala na watoto. Huyo anaogopa kufa. Lenox hakuwa wodini zile chupa tatu zilipotundikwa. Wewe ulikuwa mume wake hata siku hiyo.

Tena alikuambia kweli. Sindano ikikatizwa kisha ianzwe upya, mara nyingi hungojewa siku saba kabla ya kuitegemea. Kwa hivyo mpigie leo, si Ijumaa. Omba msamaha kabla hujataja pesa, kisha utume hiyo mia saba. Muuguzi ahakikishe hana mimba na amwambie angoje siku ngapi. Ukifika kabla hazijaisha, tumia kondomu akikubali. Asipokubali, lala jikoni kwa adabu. Baada ya sikukuu nendeni wote wawili mkaulize kijiti cha kupanga uzazi, kile kinachowekwa mkononi. Kinakaa miaka, na hutapigiwa simu tena mbele ya Lenox.

Na ikiwa mfukoni una pesa ya kutosha kitu kimoja tu, sindano au nauli, tuma ya sindano. Krismasi kaa Riruta. Kavutha alishakuambia.