Mashine ya Mzee Khamis

Jumatatu, 3 Novemba

Kabureta tena. Vumbi la Doha linaingia hata pasipo na tundu. Nimeifungua mashine ya Mzee Khamis, mkata nyasi wa kompaundi yetu, ile ya kukatia nyasi ambayo unaipanda na kukaa juu yake. Nikaipuliza kabureta, nikaiosha kwa petroli, nikaifunga. Ikawaka papo hapo. Kazi ya kabla ya chai.

Nilikuwa nimeshaizima mudiri, meneja wetu, alipochungulia stoo. "Makina khalas?" Ananiuliza kama mashine imekwisha. Nikamwambia khalas, injini imekufa. Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. Itupwe.

Nimekaa nayo tangu asubuhi, sijui uongo ule ulitoka wapi. Yaani najua. Ulitoka kwenye simu ya Omondi.

Omondi ni Mkenya, ana kigereji chake huku huku Al Rayyan. Ananionyesha video za watu wanaong'oa visu kwenye mashine kama hii, wanabadilisha puli, wanaifanya ikimbie na kupanda mawe. Tangu nizione, silali vizuri. Mimi ni fundi. Miaka yote hii naziba mabomba ya kumwagilia maua ya watu.

Jumanne, 4 Novemba

Omondi, niliyemwambia ni ya kutupwa, alikuja na pikapu mchana, tukaipakia kama skrapu. Nimeona raha mpaka aibu.

Jioni Mzee Khamis alinikuta nanawa. Shikamoo. "Marahaba, mwanangu." Kisha akauliza: "Na ule mto wangu wa kitini, nao umeshatupwa?"

Mto ule alishonewa na mkewe Pemba. Kanga yenye michoro ya korosho, rangi ya chungwa, imefungwa kwenye kiti kwa kamba na kukazwa kwa sindano na uzi. Kila aliyewahi kupita kwenye kompaundi hii anaujua. Nikamjibu umekwenda na mashine. Akasema haya basi, kheri. Akaenda kutawadha.

Ningeweza kuukata kwa mkasi nikamrudishia. Kiti chenyewe kimechanika, bila mto kinachoma. Niliwaza matako yangu kwanza.

Alhamisi, 6 Novemba

Mudiri amempa mzee mashine ya kusukuma. Magoti ya mzee ni mabovu, kila mtu anajua. Ndiyo maana alipewa ile ya kupanda tangu mwanzo. Nimemsaidia mistari miwili karibu na bwawa la kuogelea, kisha nikaitwa kwenye bomba. Nilifurahi kuitwa.

Ijumaa, 7 Novemba

Kutwa nzima kwa Omondi. Tumeng'oa sahani ya visu, ipo nje imeegemezwa ukutani. Vishikio vyake vilikuwa vinazuia ekseli, tukavikata kwa grainda. Puli kubwa kwenye injini, ndogo nyuma kwenye gia, mkanda mpya. Gavana, kile kidude kinachoizuia injini isipandishe mzunguko, nimekifungua kwa mikono yangu. Matairi ya mbele tumetoa kwenye kwadi, pikipiki ya magurudumu manne, iliyopinduka jangwani. Breki nimezifanya mara mbili. Mimi si mwendawazimu.

Omondi anasema, "Mbongo, hii kitu itapaa, nakuambia."

Swala ya Ijumaa imenipita. Mzee alinipigia simu, nikamdanganya kuwa nimo msikitini, safu za nyuma. Alikuwa ameniwekea nafasi.

Jumanne, 11 Novemba

Mzee anakata nyasi asubuhi na jioni, na bado hamalizi. Mistari yake inakwenda upande. Zamani ilinyooka kama mkeka.

Ijumaa, 14 Novemba

Imekimbia! Tulitoka mapema, tukapita barabara ya vumbi mpaka kule kwenye bonde lenye miti ya migunga, ardhi mawe na mchanga. Niliiwasha, nikakaa juu ya zile korosho za mke wa mzee, nikaachia. Mashine ilirukaruka kama mbuzi. Nikalia kwa kucheka. Kwa muda ule sikuwa mtu wa bustani, wala sikuwa na mudiri, wala bomba.

Tumerudi jioni. Nimelala nacheka peke yangu. Halafu nikakumbuka mzee yuko chumba cha pili, nikaufunika mdomo.

Jumapili, 16 Novemba

Mzee alikaa kwenye ukingo wa njia, mashine ya kusukuma imelala mbele yake. Goti la kulia limejaa. Mke wa mwenye villa ya kona alipiga picha nyasi, si mzee, akamtumia mudiri. Mudiri akaja na gari lake dogo la betri, akasema mkataba wa mzee unaisha mwezi huu na yeye hataki kampuni ilalamikiwe. Alisema mbele yangu. Mzee aliitikia kwa kichwa tu.

Ningesema pale pale. Nilikuwa nimeshika spana, nikaitazama.

Jumatano, 19 Novemba

Nimenunua dawa ya kuchua. Nimemchua goti mzee kwa mikono ile ile. Ananiombea dua huku namchua. Nimejichukia.

Na bado nimemwambia Omondi Ijumaa nakuja.

Ijumaa, 21 Novemba

Walikuwepo Waganda wawili na mashine yao, na Mfilipino mmoja na kitu alichokiunga kwa gari la gofu. Mbio mpaka kwenye mti mkubwa na kurudi. Nimeshinda. Nilisimama juu ya mashine ikiwa inatembea, mikono juu, nikipiga kelele kama mjinga. Omondi alirekodi, akaitupia kwenye stetasi yake.

Sijapata kushangiliwa hivyo tangu nizaliwe. Naandika kweli.

Jumamosi, 22 Novemba

Video imeingia kwenye grupu letu la Watanzania. Sijui nani kaitoa kwa Omondi. Watu wanacheka, wananiita dereva wa rali. Nimeitazama mwenyewe mara nyingi, namtazama yule mimi anayepunga mikono. Mara ya mwisho nikatazama chini yake.

Mto. Rangi ya chungwa, korosho zote zinaonekana.

Mzee yumo kwenye grupu.

Jumapili, 23 Novemba

Nilimkuta stoo anafunga viatu. Nikasema shikamoo. Hakuitika.

Nikafikiri hajasikia. Nikasema tena, kwa sauti. Akamaliza kufunga kamba, akainuka kwa kushika ukuta, akapita mbele yangu, akachukua mashine ya kusukuma, akatoka.

Kwetu hata mtu uliyegombana naye kwa shamba utamwitikia shikamoo yake. Unaitikia, kisha mnaendelea kugombana. Mimi nimebaki nayo mkononi, sina pa kuiweka.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimejaribu tena. Kimya.

Hajamwambia mtu. Hajaniuliza. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 25 Novemba

Nimekwenda kwa Omondi, nikamwambia tunairudisha ilivyokuwa. Akadhani natania. Nikamweleza yote. Aliweka funguo chini. "Si uliniambia ni ya kutupwa? Buda, ni ya mzee wa watu?"  Kisha akavua saa yake, akawasha mashine ya kuchomelea.

Vishikio tulivyokata vilishatupwa. Tumeunda vingine kwa chuma cha kitanda. Sahani ya visu ilikuwa imeanza kuliwa na kutu huko nje, tukaipiga msasa. Puli za zamani, mkanda wa zamani, gavana. Kila nati niliyokuwa naikaza ilikuwa inanirudisha kule stoo, mudiri anauliza, mimi nasema khalas.

Mto sikuugusa. Una vumbi la jangwani kwenye kona. Nimelifuta kwa kitambaa cha maji, halijatoka lote.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimeirudisha. Niliishusha mbele ya stoo mchana kweupe, ili nionekane. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Mudiri, nilikudanganya. Mudiri, haikuwa imekufa.

Mudiri alifika kabla sijafungua mdomo, ameshangaa. "Hii si ilikufa?" Mzee alikuwa pale, anaegemea reki. Akajibu kwa Kiarabu chake cha madrasa, taratibu, kila neno mahali pake, kwamba kijana huyu hakukata tamaa, aliichukua akaihangaikia siku zake za mapumziko mpaka ikafufuka. Fundi kama huyu asiachwe.

Kila neno kweli, ukilitazama kwa upande mmoja.

Mudiri akanipiga bega, akaniita muhandis, watu wote wanatazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Maneno niliyoyapanga sikuyasema. Kusema sasa ingekuwa kumfanya mzee mwongo mbele ya bosi wake. Nilijiambia hivyo. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Mzee akapanda, akaiwasha. Mistari imenyooka tena.

Kisha mudiri akaniambia pembeni, kama habari ya kawaida: tiketi ya mzee imeshakatwa. Ijumaa ya wiki ijayo. Karatasi zilishapelekwa tangu goti lilipovimba, hazirudi.

Jumapili, 30 Novemba

Shikamoo. Kimya. Anakata nyasi vizuri kuliko zamani, mpaka kwenye pembe ambako hakuna anayetazama. Mke wa mwenye villa ya kona amemletea juisi.

Jumatano, 3 Desemba

Nimemfungia mizigo. Aliniachia nimfungie. Blanketi mbili, pasi, maziwa ya unga, vitenge vya wajukuu. Tulishika kamba moja, yeye upande huu na mimi upande ule. Nilisema, "Mzee, nisamehe." Akasema, "Vuta hapo, isije ikafunguka njiani."

Ijumaa, 5 Desemba

Gari la uwanja wa ndege lilikuja baada ya swala. Leo nilikwenda msikitini, nikakaa nyuma yake. Watu wote wa stoo walitoka kumuaga. Wakambusu mkono. Nilijiweka mwisho.

Nikasema shikamoo, mzee.

Akanitazama sana. Akasema, "Marahaba."

Siku zote alikuwa akiongeza mwanangu. Leo aliishia hapo. Akapanda gari.

Jumapili, 7 Desemba

Kazi ya nyasi nimepewa mimi, mudiri anasema nani mwingine anaijua mashine. Asubuhi nimeingia stoo, mdomo ukaanza wenyewe: shika… Hakukuwa na mtu.

Mto haupo. Kamba zimekatwa kwa mkasi, uzi umefumuliwa mmoja mmoja bila kuchana kiti. Aliuchukua kabla ya kuondoka. Kimebaki kiti chenyewe, plastiki iliyopasuka na sponji.

Nimekata kuanzia bwawa mpaka geti. Inakwenda mwendo wa mtu anayetembea, haizidi. Jua lilipopanda, kiti kikaanza kuchoma.

Omondi kanipigia, kasema kuna fundi wa Sanaiya, kule kwenye viwanda, anavalisha viti ngozi mpya. Nimemshukuru. Kiti sijampelekea.