Ng'ombe wa Miguu Mitano

Deo mjukuu wangu, mume wangu wa Mwanza,

Marahaba! Hapa Ntobeye tu wazima. Babu yako yuko kwenye maharage yake, na shangazi yako kajifungua binti mwenye sauti kama honi ya malori ya Rusumo.

Umeniuliza kama unaweza kuuza picha zako za akili mnemba kwenye mkeka wetu wa gulioni sisi wasusi wa vikapu, na kama ni lazima useme hukuzichora kwa mkono. Njoo nazo! Na useme.

Nilipokuwa msichana nilifumua gunia la salfeti, nikasuka kikapu cha rangi kali, nikakipeleka gulioni Kirushya. Wasusi wakanuna. Unajua kwetu kikapu hakiuzwi mpaka kipinduliwe, mteja aone kitako, pale mkono ulipoanzia. Akaja mteja, mama akakipindua changu, akasema, "Hizi ni nyuzi za salfeti, si nyasi. Kazifumua binti yangu." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mteja akacheka, akachukua viwili: cha mama cha kupeleka harusini, changu cha kwendea shambani. Kabla soko halijavunjika, wale walionuna walikuwa wananiuliza salfeti nimeitoa wapi!

Basi nimeshawaambia wenzangu wasogee, Jumapili baada ya misa unakuja. Wamenuna. Nimefurahi mno!

Na ile picha ya ng'ombe wa miguu mitano, uliyosema mashine imekosea, usiitupe. Hicho ndicho kitako chako. Iweke mbele.

Mkeo mzee,
Bibi Anastazia